Mgeni wa Nne Hahitaji Kitanda

Mteja alikuwa na nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama kama ufagio pale simu ilipolia. Msusi aliibana kati ya sikio na bega, maana vidole vyake vilikuwa katikati ya msuko, na msuko hauachwi njiani.

Aliyepiga alikuwa mwenye nyumba ya wageni kule juu mlimani, kando ya ziwa. Alikuwa na sauti changamfu ya mtu aliyezoea kukaribisha.

"Mama, chumba chenu kiko tayari. Kinatazama ziwa, na kitanda cha mtoto nimekiweka humo humo kama mlivyoomba. Na yule mgeni wenu wa nne nimemwelewa, hahitaji kitanda. Anachotaka ni dirisha libaki wazi."

Msusi alicheka. "Hapo umechanganya wageni, dada. Sisi ni watatu. Mimi, baba na mtoto."

"Sijachanganya. Amepiga mwenyewe asubuhi. Ametaja familia yako yote, mpaka jina la utani la mtoto. Ila sauti yake ina mwangwi, kama mtu aliyetumbukiza kichwa kwenye mtungi. Nikadhani ni mama mkwe."

Mama mkwe alishazikwa zamani. Msusi alisema atapiga baadaye, akaitupia simu kwenye kiti.

"Kuna nini?" mteja aliuliza.

"Hamna kitu. Watu wa mlimani hao, baridi imewaingia masikioni."

Wakacheka wote wawili. Kisha Msusi akainamia beseni la maji ya moto, yale ya kuchovyea ncha za rasta, na kicheko kikamkauka. Maji yale aliyatoa jikoni muda si mrefu, yakiwa bado yanafuka moshi. Sasa yalikuwa yananuka tope na majani yaliyoozea chini ya maji. Alitia kidole. Yalikuwa baridi kiasi cha kumuuma hadi kwenye mfupa.

Hakumwambia mteja. Aliyamwaga, akachemsha mengine.

Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Nyuma kulikuwa na uwanja wa mume wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi kwa kazi yake ya kutengeneza mafriji. Uwanja ulijaa hayo: mengine yakingoja wenyewe, mengine yamepasuliwa vifua ili viungo vyake vikaponye wenzao. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, msichana mwembamba mwenye kichwa kikubwa, na baba yake alimwita Kijiko tangu siku ya kwanza alipompakata. Shule zilikuwa karibu kufungwa. Masweta yalishanunuliwa, pikapu ilishavishwa matairi mapya, na Kijiko alikuwa haongei lingine ila ziwa.

Jioni, walipokaa kunywa chai, Msusi alimsimulia mumewe habari ya mgeni wa nne, akitegemea utani. Fundi Baridi alikuwa mtu wa utani hata msibani. Safari hii hakutania. Alikizungusha kikombe mkononi bila kunywa.

"Mama Kijiko," alisema taratibu, "hivi hili wazo la kwenda ziwani ulilitoa wapi?"

"Mimi? Si wewe uliyeniambia?"

"Mimi sijakwambia. Niliamka siku moja nikajua tu kwamba unataka twende. Nikasema sawa, hujapumzika tangu mwaka uanze."

"Na mimi niliamka nikajua kwamba unataka wewe."

Wakatazamana. Kijiko alikuwa sakafuni akichora, hakuinua hata kichwa.

"Ni shangazi aliyesema," alisema.

Fundi Baridi hakuwa na dada. Alikuwa na kaka tu, tena mmoja.

"Shangazi yupi, mwanangu?" Msusi aliuliza, na sauti yake ikatoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Wa kwenye friji nyeupe, kule nyuma kabisa. Aliniambia niwaambie mkiwa mmelala. Niwaambie sikioni, polepole, mama kwanza halafu baba. Nikawaambia." Alibadilisha penseli. "Nywele zake hazikauki hata nikimfuta. Anasema kwao ni ziwani, na nisiogope maji, kwa sababu nitakuwa naye."

Msusi aliuchukua mchoro. Ulikuwa na watu watatu wamekaa kwenye pikapu. Wa nne hakukaa kwenye kiti. Alikuwa ndani ya tumbo la mtoto, amekunjwa kama kitambaa, nywele zimemtoka mtoto mdomoni.

Papo hapo Msusi alipiga simu kufuta safari. Mwenye nyumba ya wageni hakuleta ubishi, alisema pole, karibuni siku nyingine. Hata chai haijapoa, simu ikalia.

"Mama, nisamehe," alinong'ona. "Amenipigia tena. Anasema nisimsikilize mama, safari iko pale pale. Na mama, huyu mtu analia. Sijawahi kusikia mtu akilia hivi. Ni kama maji yanashuka shimoni."

Fundi Baridi alitwaa tochi, akaenda nyuma. Aliporudi alisimama mlangoni, tochi bado inawaka mkononi. Friji ile aliinunua na nyingine kadhaa, alisema, kutoka hoteli iliyofungwa kule ziwani. Tangu ilipoingia haikuwahi kuchomekwa kwenye umeme, na waya wake alishaukata mwenyewe kwa kazi nyingine.

"Sasa imefanya nini?" Msusi aliuliza.

"Imeshika barafu. Mlango mzima. Nje."

Walilala na mtoto katikati. Asubuhi mto wa Kijiko ulikuwa umelowa chapachapa, na kwenye nywele zake Msusi alikuta unyasi mwembamba wa kijani ambao hauoti popote karibu na pale.

Fundi Baridi alitoka mapema kutafuta watu wa kumsaidia kuibeba ile friji wakaitupe mbali. Kijiko hakupelekwa shule. Msusi alimkalisha saluni kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo, ili amwone hata akimpa mgongo. Alifagia akimwona. Alipanga vitana akimwona. Jirani alichungulia dirishani kuuliza kama kuna nafasi ya kusukwa leo, Msusi akageuka kumjibu kwamba leo hafungui, neno moja tu, na alipogeuka tena kioo kilikuwa kinaonyesha kiti kitupu kinachozunguka.

Alimwita kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtoto aje ale. Alimwita chumbani, alimwita jikoni, alitazama chini ya kitanda na nyuma ya pipa la maji, na muda wote huo miguu yake ilishajua pa kwenda na yeye ndiye aliyekuwa akiikatalia, mpaka akajikuta uani anapita katikati ya mafriji yaliyosimama pande zote kama watu waliosogea kumpa njia, jua la asubuhi likimchoma mgongoni na baridi ikimpiga usoni, na pale mwisho kabisa, chini ya bati, ile nyeupe ilikuwa imefungwa, kitasa chake cha zamani kimebana, kile cha aina isiyofunguka kwa ndani, na kutoka ndani ilisikika sauti ya mtoto akiimba taratibu kwa pumzi inayokwisha.

Alivuta kitasa na ngozi ya kiganja ikabaki kwenye barafu. Alivuta tena. Alichukua bisibisi kubwa ya mumewe, akaichomeka kwenye ufa wa mlango, akauegemea mpini kwa uzito wake wote mpaka kitu kikakatika na mlango ukafunguka na maji ya baridi yakammwagikia miguuni, maji mengi kuliko friji ile ingeweza kubeba.

Kijiko alikuwa amejikunja ndani, magoti kidevuni, midomo ya bluu. Alikuwa anatabasamu.

"Umetuchelewesha," alisema, na sauti ilikuwa ya mwanamke mzima, yenye mwangwi wa mtungi.

*

Mkunga waliyemwita alikuwa mstaafu, mnene, mwenye magoti mabovu. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikilia. Watu walijua pia kwamba anaongea na wale wasio na mwili, ingawa hakujitangaza na hakuwa na kibao mlangoni. Alisema ni kazi ile ile, kuna anayetaka kutoka na kuna anayeogopa.

Alimkuta mtoto kitandani, amefunikwa mablanketi yote ya nyumba na bado meno yanagongana. Hakuwasha kitu, hakumwaga kitu. Alivuta kiti, akakaa, akanusa.

"Hodi," alisema.

Mtoto alifumbua macho. "Karibu," ilijibu ile sauti.

"Nashukuru. Mimi ni mkunga wa hapa. Huyu mtoto nilimpokea mimi, kwa hiyo nina haki ya kumsemea. Na wewe ni nani, mwenzangu?"

"Mimi ni wa ziwani. Nilikuwa nimelala ndani ya maji. Walikuja watu wa hoteli wakachota, wakayagandisha wapate vipande vya kutia kwenye vinywaji vyao. Na mimi nilikuwemo." Ile sauti ilitetemeka. "Barafu ina kelele mkunga, hamjui. Halafu waliondoka wakafunga mlango. Giza. Nilivyoyeyuka hapakuwa na ziwa tena."

"Pole sana," alisema Mkunga, na alimaanisha. "Sasa unataka nini?"

"Kwenda nyumbani. Nchi kavu sina miguu. Mtoto huyu ni mwepesi, na ananipenda."

"Ukimbebesha, atafika?"

Maji yalianza kudondoka kutoka kwenye ncha za nywele za Kijiko, tone kwa tone, sakafuni.

"Nitafika mimi," ilisema.

Fundi Baridi, ambaye muda wote huo alikuwa ameegemea ukuta, alipiga magoti kando ya kitanda. Alisema ataipakia ile friji kwenye pikapu saa hiyo hiyo na kuirudisha mpaka ziwani. Mtoto alipiga ukelele uliofanya kioo cha dirisha kipate ufa.

"Humo hatarudi," Mkunga alisema. "Hata ungekuwa wewe usingerudi."

"Basi anipande mimi," alisema Msusi.

Mumewe akamgeukia. Msusi hakumtazama. Alikuwa anatazama midomo ya mwanawe.

"Mimi ni mzito, lakini nina miguu," alimwambia aliye ndani ya mtoto. "Nitakubeba mpaka kwenye maji yenyewe. Mwache mwanangu hapa."

Mkunga alimshika mkono akamnong'oneza. "Nikimfunga kwako hataruka kwa mwingine njiani, hilo naliweza. Ila lazima wa kwao wampokee. Wakimkataa mimi sina dawa nyingine, na ninakwambia sasa ili usije ukasema sikukwambia."

"Mfunge."

Hakuhisi maumivu. Alihisi kama mtu aliyemeza maji mengi kwa mkupuo, halafu yakaendelea kushuka, kifuani, tumboni, mapajani, mpaka vidole vya miguu vikajaa. Kitandani Kijiko alipiga chafya, akasema ana njaa.

*

Waliondoka mchana, wawili tu. Mkunga alibaki na mtoto.

Barabara ilikuwa inapanda, na kila ilipopanda yule aliye ndani alizidi kuchangamka. Msusi alimhisi akisogea nyuma ya macho yake apate kuona. Aliitambua miti ambayo Msusi hakuwahi kuiona. Vituo vya mafuta vilimwogopesha. Fundi Baridi aliendesha akiwa amekaza taya, na kila baada ya muda aliuliza, bila kugeuza kichwa, "Mama Kijiko, ni wewe?"

"Ni mimi."

Walipofika kwenye ukungu aliuliza tena. Msusi alifungua mdomo kujibu, na mdomo ukasema, "Karibu tunafika." Fundi Baridi hakuuliza tena. Msusi alitaka kumgusa, na mkono wake ukachelewa kutii.

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa getini. Alipomwona Msusi akishuka, miguu ikiacha alama za maji kwenye changarawe kavu, alirudi ndani bila salamu na kufunga mlango.

Ziwa lilikuwa dogo kuliko Msusi alivyolifikiria, na jeusi, limezungukwa na miamba pande zote. Hapakuwa na upepo wala ndege. Alivua viatu akaingia mpaka magotini, na baridi ya maji yale haikumuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwamba mwili wake ulikuwa umefurahi.

Kisha mdomo wake ukafunguka ukaita.

Halikuwa neno. Ilikuwa sauti ndefu ya chini iliyopita juu ya maji ikagonga miamba ng'ambo. Yule wa ndani alisubiri. Msusi alimhisi anavyosubiri, kama mtu aliyesimama mlangoni kwao na mzigo kichwani. Akaita tena, na safari hii katikati ya ziwa maji yakaanza kutulia kwa namna isiyo ya kawaida, yakawa laini kama mafuta, na ule ulaini ukaja taratibu kuelekea ufukweni, na chini yake Msusi aliona nywele, nywele nyingi mno zikipepea bila mkondo, na nyuso zilizoinuliwa kumtazama, safu kwa safu mpaka kule chini ambako macho hayafiki, na hakuna hata uso mmoja uliokuwa na furaha.

Zilimnusa. Alihisi maji yakivutwa kumzunguka miguuni, kama pua zinavyovuta hewa.

"Unanuka chuma," zilisema, na zilisemea ndani ya mifupa yake. "Unanuka sabuni na watu. Hatukujui."

Yule wa ndani alijitaja. Alitaja mama yake, na mahali alipokuwa akilala, jiwe gani, upande gani.

"Jiwe hilo lina mwenyewe. Na wewe mwenye miguu, mtoe huyu hapa."

Ulaini ukarudi nyuma, nyuso zikazama moja baada ya nyingine, na ziwa likawa ziwa tu.

Msusi alijikuta amekaa kwenye maji mpaka kifuani, analia kwa sauti mbili. Mumewe alimburuta mpaka kwenye changarawe, akamvisha koti lake, akawa anamsugua mikono na kumwuliza imekwisha, imekwisha, Mama Kijiko?

"Turudi nyumbani," ulisema mdomo wake, kwa kwikwi, kama mtoto. "Nitakaa kimya. Nitamchana nywele Kijiko. Turudi nyumbani."

Fundi Baridi aliiacha mikono yake.

Ilimchukua Msusi muda mrefu kuupata ulimi wake. Alilazimika kuuvuta kama anavyovutwa ng'ombe aliyekwama.

"Nenda," alimwambia mumewe. "Mimi sirudi naye penye mtoto."

"Nikuache hapa? Nitamwambia nini mwanao?"

"Mwambie nina kazi huku. Nenda kabla hajaushika tena mdomo wangu."

Alikataa. Aliwasha pikapu, akaizima, akashuka, akapanda tena. Mwishowe aliondoka jua likiwa bado lipo, akisimama kila kona. Msusi alikaa palepale, viganja vimeshika changarawe, akishindana na miguu iliyotaka kulikimbilia gari.

Mwenye nyumba ya wageni alimpa kibanda cha nyuma, mbali na wageni. Alifanya hivyo kwa huruma, ingawa mlango wake mwenyewe huufunga kwa komeo. Wanawake wa huko huja kusukwa, kwa kuwa hakuna mkono mwepesi kama wake, na husema tu kwamba vidole vyake vina baridi. Asubuhi hushuka ziwani, yule wa ndani akaita, wakangoja pamoja, wakapanda tena. Fundi Baridi huja kila apatapo nafasi. Wanakaa benchi moja, yeye upande wake na mkewe upande wake, na huongea habari za nyumbani.

Kijiko hupiga simu Jumapili. Msusi hujiandaa tangu alfajiri. Huuma ndani ya shavu mpaka aonje damu, maana aligundua kwamba damu humsogeza yule mwingine nyuma kidogo, na katika nafasi hiyo huweza kuwa mama. Jumapili iliyopita waliongea vizuri. Kijiko alisimulia jino lililong'oka, na jinsi baba alivyounguza mboga mpaka majirani wakaja na ndoo. Msusi alicheka, na kicheko kilikuwa chake.

"Mama," alisema Kijiko mwishoni, akishusha sauti ili baba yake asisikie. "Bado analia?"

"Siku hizi hapana."

"Mwambie namsalimu. Mwambie asiogope."

Msusi alihisi mdomo wake unatabasamu. Yeye hakuwa ameamua kutabasamu. Alikata simu, akaitoa betri, akakaa kitandani ameuziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, akiuhisi chini ya viganja ukijaribu jina la mtoto, kimyakimya, tena na tena, kama mtu anayejifunza kulitamka vizuri.